Nyuma ya Kifuniko cha Oili

Betri ya ndege yetu inakaa nyuma ya viti,
chini ya sakafu ya mizigo, chini ya skrubu kumi na nne,
kana kwamba aliyeibuni alikuwa na siri ya kuficha
na mikono ya mtoto.

Kila Novemba, ziwa likishaganda,
nililala kifudifudi mle ndani, bisibisi mdomoni,
nikihesabu: kumi na moja, kumi na mbili.
Ya kumi na tatu huponyoka daima,
hubingirika hadi mkiani kwenye giza la nyaya,
na ndege haisamehe skrubu iliyopotea.
Basi sumaku, basi tochi, basi matusi ya Kifini
yasiyohitaji mkalimani.

Kisha betri kifuani, nimeifunika sweta,
mita mia nne za theluji hadi jikoni kwa Raimo.
Yeye ana nusu ya ndege, mimi nina nusu;
hatujawahi kuulizana mkia ni wa nani.
Chaja ilinguruma mezani kando ya birika.
Tulikunywa kahawa, tukatazama sindano ikipanda
polepole, kama mgeni mwenye haya.

Kiangazi hiki umeme ulifika bandani,
na goti langu likakataa kupiga magoti.
Nikasema: tuweke soketi. Nje. Nyaya mbili tu,
tuchaji bila kufungua chochote.
Raimo akaweka kikombe chini.
"Hutoboi ngozi yake," akasema.
"Tangu sitini na saba haina tundu
ambalo haikuzaliwa nalo."

Wiki mbili hatukusemezana ila kuhusu hali ya hewa.
Ilikuwa mbaya, kwa hiyo tulisema mengi.

Jibu nililiona nikipima oili.
Ule mlango mdogo ubavuni mwa boneti,
tunaoufungua kila asubuhi kabla ya kuruka:
ndani yake pana nafasi ya ngumi moja,
pakavu, na tundu la kebo ya zamani
iliyokwisha kung'olewa kabla hatujainunua.
Ngozi haitaguswa. Nikampigia simu.
Akanyamaza muda mrefu. "Nitakuja na koleo," akasema.

Mkaguzi Eskelinen alisafiri kutoka Oulu
na miwani miwili na amri moja:
"Fyuzi iwe kiganja kimoja kutoka kwenye betri. Isizidi.
Waya usio na fyuzi ni moto unaosubiri nafasi."
Tukavisha waya mpira pale unapopita kwenye bati,
bati lisije likautafuna kidogo kidogo angani.
Raimo alibana vichwa vya nyaya mwenyewe,
akavuta kila kimoja kwa nguvu zake zote,
akavuta tena, kama anayetaka kishindwe.
Hakikushindwa.
Eskelinen akapima vyote: gramu mia moja na themanini.
Akaandika, akatia sahihi. Huko juu
hata kifuniko cha plastiki hulipa nauli.

Usiku wa kwanza wa baridi kali nilichomeka plagi.
Taa ya kijani. Dakika moja,
kazi iliyokuwa ikila alasiri nzima.
Nikabaki bandani, mikono mitupu,
sijui niipeleke wapi.

Jumamosi nikapita njia ileile.
Nyayo zangu hazikuzama kama zamani;
nilikuwa mwepesi kwa kilo kumi na moja.
Raimo alifungua kabla sijagonga,
akanitazama kifuani, mahali pa betri.
"Ina volti ngapi?"
"Kumi na mbili nukta saba."
"Vizuri," akasema, na hakuondoka mlangoni.

Kwenye kitambaa cha meza pana alama ya mraba
tindikali ilipokula maua, majira ya baridi tisa.
Sikuwahi kuiona; daima ilikuwa chini ya betri.
Nikaweka glavu zangu hapo, zote mbili.
Raimo akatoa vikombe.
Birika peke yake likaanza kunguruma.